Namba ya Mlangoni

Fundi bodi wa Tunduma hanyoshi bati bila kuiga kwa mdomo ngurumo za mashindano ya magari ya Kimarekani ya zamani, yale anayoyatazama kwenye televisheni ya gereji. Mama Atuganile alipomkuta akipapasa namba nyekundu mlangoni mwa Shevroleti ya marehemu mumewe, alifoka.

"Nani kakutuma uchore upuuzi kwenye gari la mzee wa kanisa?"

"Sijachora, mama. Nimekwangua rangi nyeusi, nikaikuta chini. Kumbe mzee alikuwa anashindana!"

"Funga mdomo! Piga nyeusi, sasa hivi, mbele ya macho yangu. Na usimwambie mtu."

Fundi akapaka mlango mzima, namba akaifunika mwisho kabisa. Safari hii mdomo wake haukunguruma.