Eda Ndani ya Nyumba ya Kupangisha

Lile daftari langu la fomu foo bado liko chini ya godoro, na kila nikiliona natamani kulichoma. Mna ukurasa nimeupiga mistari kwa rula: miezi kumi na mbili, na kila mwezi una pesa za nyumba. Hakuna mwezi hata mmoja mtupu. Mie ndiye niliyemuonesha mama. "Tujenge mjini Mkoani, karibu na maofisi," nikamwambia. "Wafanyakazi wanahamishiwa huko kila siku, nyumba hazitoshi."

Mama alikuwa na kiwanja cha marehemu baba, na shamba la mikarafuu ishirini Mgogoni aliloachiwa na bibi. Pesa hakuwa nazo. Mkopo wa riba hakutaka hata kuusikia, kwa hiyo tulikwenda kwa wale wasiochukua riba: wananunua wao saruji na mabati, wanakuuzia kwa bei ya juu yake, unalipa kidogo kidogo kila mwezi. Dhamana ikawa shamba la Mgogoni. Mama alishika kalamu muda mrefu bila kuandika. Nikamwambia, "Tia saini mama, watu wanasubiri."

Mpangaji wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa ofisini, mtu wa Gando, yeye na mkewe tu, hawana watoto. Akalipa miezi sita mbele. Zote tukatia kwenye choo na dari, hatukubakisha hata ya kitasa, maana malipo ya mabati yalikuwa bado hayajaanza. Na kwa kuwa skuli tulifundishwa kodi ya serikali ni wajibu, nikamburura mama kwenda kuusajili mkataba.

Mwezi wake wa tano ndani ya nyumba, yule bwana akaanguka kazini, akafa. Walimzika Gando. Baada ya maziko mkewe akarejeshwa Mkoani, kwenye nyumba yetu, akae eda.

Miezi minne na siku kumi mjane hatoki kwenye nyumba aliyokuwa akikaa na mumewe. Nani asiyejua? Hata mie nilijua. Kwenye daftari tu ndiko haikuwemo.

Pesa zilizolipwa zilibakisha mwezi mmoja. Ukaisha. Mama akawa anampelekea uji kila asubuhi.

"Mama, utamwambia lini habari ya kodi?"

"Mtu yuko edani, weye wataka nimdai? Huoni muhali, huoni haya?"

"Watu wa mabati hawaoni muhali."

"Basi wao nenda kawapelekee uji."

Kisha ikaja barua ya kodi ya serikali. Nikaenda ofisini kwao. Karani alikuwa kijana tu, amenizidi miaka michache.

"Nyumba ina mpangaji?"

"Yumo mtu, lakini halipi."

"Mkataba mmeuvunja?"

"Aliyetia saini kafa."

"Mungu amrehemu. Kwa hiyo nyumba iko tupu?"

"Haiko tupu."

Akaweka kalamu chini. "Sasa dada, mie niandike nini hapa?"

Hakuwa mtu mbaya. Akaniambia nilete barua ya sheha, mkuu wa mtaa wetu, kwamba hatupokei kitu. Nikaleta, haikuwa na muhuri. Nikarudi kwa sheha, kaenda harusini.

Wiki hiyo hiyo akaja mkandarasi wa barabara. Anataka nyumba nzima kwa mafundi wake, analipa mwaka mzima mkupuo mmoja. Akatupa wiki mbili. Nilipiga hesabu njia nzima mpaka msikitini kwa shehe: tungewalipa watu wa mabati, shamba lingepumua.

Shehe akasema, "Mjane hatoki kwa kupenda kwake. Lakini nyumba si ya mumewe. Mwenye nyumba akiitaka, mjane atahama, naye hana dhambi."

"Na mwenye nyumba?"

"Hilo kamuulize mwenye nyumba."

Mwenye nyumba alikuwa uani anapara samaki. Nikamweleza, hakuinua kichwa. "Eda ya baba yako nilikaa chumba kile pale. Angenitoa mtu, ningemkumbuka mpaka kiyama."

Kwa hiyo nikaenda mwenyewe bila kumwambia. Njiani nilikuwa na maneno yangu tayari, ya adabu kabisa. Nikamkuta mjane kakaa juu ya mkeka, dirisha kalifunga nusu.

"Karibu, mwenye nyumba mdogo," akasema, akacheka kidogo. "Umekuja kunitoa? Jirani kaniambia kuna tajiri anaitaka."

"Nimekuja kutazama bomba."

"Bomba liko nje, mwanangu."

Nikatoka nje, nikalifungua, maji yakatoka, nikalifunga. Nikaenda zangu nyumbani.

Mkandarasi akapata nyumba nyengine. Eda ilipoisha, kaka zake wakaja kumchukua kumpeleka Gando. Alifagia vyumba vyote vitatu, akampa mama funguo kwa mikono miwili. Pesa hawakuzitaja, si yeye wala mama. Mama akamtilia ndizi kwenye kikapu.

Tangu siku hiyo nyumba imefungwa. Nimebandika karatasi dukani, nimebandika bandarini, mvua imezifuta. Malipo ya mabati yalipofika miezi mitano hayajalipwa, mama akaikodisha ile mikarafuu kwa mfanyabiashara mmoja, misimu mitatu, ili wasilichukue shamba lenyewe. Pesa hazikulala kwetu hata siku moja. Mikarafuu imepata mpangaji, nyumba haijapata.

Sasa ni msimu. Yule mfanyabiashara anatafuta watu wa kuchambua, na mama na mie tunakwenda uani kwake kila siku, tunatenganisha karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, tunalipwa kwa pishi. Juzi liliwekwa mbele yetu gunia, mpakuzi akasema limetoka Mgogoni. Mama akavuta fungu lake karibu, akaanza.

Nikamuuliza polepole, wengine wasisikie, "Mama, hujuti kutomtoa yule mjane?"

"Weye wajuta?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikalikumbuka lile bomba, nikavuta shada jengine, nikachambua.