Taa Niliyofuta Asubui ya Harusi ya Paluku

Sawa, nitasema miye mwenyewe, juu nikinyamaza batu ba Mudzipela batahadisia na bataongezea chumvi: ndiyo, ni miye ule mwanamuke mwenye alilala chini ya gari katikati ya barabara, na nguo ya harusi, kilemba kimeanguka kule, na nusu ya Bunia inapiga video. Video iko. Bado inatembea mu batelefone. Mu soko ya Bule, mutu mumoja mwenye sijamuona hata siku moja aliacha kupima maharagi yake akaniuliza kama si miye njo Mama Moshi. Nilimujibu hapana. Akacheka, akaniongezea maharagi bure.

Bon, tuanzie mwanzo. Jina yangu ni Kavira, niko na farmasi kidogo pale Shari, na niko na gari. Si gari ya kubeba viazi, hapana, ni gari ya mashindano, nyekundu, milango mbili, iko chini-chini, usukani mukono wa kuume, moteri ikiamuka asubui kuku za jirani zinakimbia. Ilitokea Kampala, ikaingia kwa njia ya Mahagi na vumbi mpaka ndani ya redio, na tangu ile siku batu habajanyamaza. "Kavira, mu mashimo haya, tumbo ya hiyo gari itapita wapi?" Ninabajibu: gari ni yangu, mashimo ni ya serikali.

Kisha kupata gari, nikanunua skana. Kwa mwenye hajui, ni kadude kadogo kama kiberiti, unakachomeka chini ya usukani, kanaongea na telefone yako, na mu telefone unasoma ugonjwa ya gari, na nambari yake, na maneno yake yote ya Kifaransa. Miye mutu wa dawa, nikasema, hii njo laboratware ya kupimia ugonjwa! Mbele ya hapo gari ilikuwa inatibiwa na Maître Ngabu, fundi mwenye garage yake iko karibu na farmasi yangu, muzee mupole, anaweka sikio ku moteri, anafunga macho, anasema "Mama, ni buji," na kweli unakuta ni buji, kale kanawasha moto ndani ya moteri. Lakini nikisha kupata skana nikaota pembe. Siku moja, mbele ya bateja bake, nikamuambia: "Maître, mambo ya kusikiliza na masikio ilikwisha zamani. Gari yangu sasa najitibia miye mwenyewe. Sitakanyaga hapa tena." Yeye alipanguza mikono na kitambaa, akasema tu: "Sawa, Mama. Mashini itasema, lakini kusikiliza kutabakia kwa mutu." Nikacheka sana. (Hata nyinyi mungecheka, musijifanye.)

Sasa mudogo wangu Paluku akapata muchumba, Neema, binti ya Mudzipela. Paluku nilimulea miye tangu mama yetu alikufa, nilimusomesha, nilimufulia shati ya masomo, kwa hiyo harusi yake ilikuwa kama cheti yangu. Yeye alitaka kukodi jeep. Nikakataa. Na shangazi ya Neema, Mama Furaha, mama mukubwa wa mwili na wa sauti, akasimama katikati ya kikao ya familia mbili akasema: "Binti yetu hatabebwa na gari ya mwanamuke mwenye anajifunza umakanika mu telefone." Ay! Damu ikanipanda mpaka ku masikio. Nikasimama, nikapiga kifua: "Neema nitamuleta miye, na gari yangu, saa tano kamili mbele ya kanisa. Nikishindwa, musiniite tena mukubwa wa Paluku."

Na ile saa tano haikuwa mchezo. Pasta wetu siku hiyo alikuwa na ndoa tatu, na ako na sheria yake: saa yako ikipita, anaita bengine, weye unarudia juma ijayo. Mbuzi zilikuwa zimekwisha kupikwa. Bageni bengine balitoka Butembo, na munajua ile barabara.

Asubui nikapamba gari na mikono yangu, juu gari ya harusi bila mapambo ni taksi tu. Maua ku milango, riboni ku vioo, na mbele, ku capot, ule mufuniko wa moteri, nikaweka voile nyeupe, kile kitambaa chepesi cha bibi-arusi, mita ine, nikakifunga kikawa ua kubwa kama kabichi. Lakini mikia yake miwili ilikuwa inapepea-pepea ovyo, haikunifurahisha, nikafungua capot, nikaiingiza yote ndani, nikafunga. Ikakaa sawa-sawa! Nikapiga picha, nikaweka mu status. Bandugu, pale njo nilijiroga na mukono yangu mwenyewe, lakini wakati ule nilijiona fundi wa mapambo pia.

Sijafika hata Mudzipela, taa ya moteri ikawaka, ile ya rangi ya machungwa. Nikasimama pembeni, nikachomeka skana. Ikaandika: hewa inayoingia mu moteri haitoshi. Nikaangalia saa, saa ine na dakika kumi. Kuita Maître Ngabu? Afazali nimeze skana. Basi nikabonyeza pale kumeandikwa "futa", taa ikazimika, nikajiambia, haya, imepona. (Miye! Miye mwenye nafukuza batu ku farmasi kila siku, "Papa, nenda upime kwanza, usimeze dawa ya kupoza homa na ugonjwa bado iko ndani!")

Cortège, ule musururu wa magari ya harusi, ikatoka na shangwe. Mbele kabisa pick-up ya fanfare, matarumbeta na ngoma, na mupiga video juu yake. Kisha siye: miye ku usukani, Mama Furaha pembeni yangu (alisema anataka kuona na macho yake), na nyuma Neema peke yake, robe yake ya harusi imejaza kiti mpaka dirishani. Nyuma yetu gari ya bajomba bake, mashati meupe, madirisha wazi, na zingine tano, na bamotari na pikipiki zao, honi, vigelegele, vumbi. Nilijisikia raha, siwezi kudanganya, nilikuwa napungia mukono batu hata sibajui.

Taa ikawaka tena. Nikafuta tena, na kidole kimoja, huku naendesha.

"Ni nini hiyo?" Mama Furaha akauliza.

"Inatusalimia tu," nikamujibu.

Tukifika ku mupando, pale barabara inapanda kilima karibu na soko, gari ikaanza kukohoa. Ninakanyaga, haiende. Ninakanyaga zaidi, moshi mweusi ikatoka nyuma, puuu, yote ndani ya gari ya bajomba. Kisha ikazimika. Na ile pick-up ya fanfare, bo habakuona kitu, balikata kona na kupiga tarumbeta, bakaendelea mpaka kanisani bila bibi-arusi. (Baadaye balinihadisia kama bageni bote balisimama, bakaimba, bakapiga makofi, bakangojea, na nyuma ya fanfare hapakuwa kitu, ni mbwa moja tu ilikuwa inapita.)

Nikatoka, nikafungua capot. Mu dakika mbili soko yote ikahamia pale, bauza makala ya kupikia, bauza ndizi, bamotari kila mumoja fundi. Sasa mutu wa akili angeinama aangalie. Miye hapana, miye nikainua telefone juu kama ninahubiri, nikatangaza: "Kapteri imekufa!" Kapteri ni kale kanapima hewa inayoingia. Na mbele ya bote nikapigia Maître Ngabu, nikaweka sauti ya juu ili kila mutu asikie: "Maître, ulinitilia kapteri ya bandia! Umeniaibisha siku ya harusi ya mutoto wangu!"

Sauti yake ikatoka polepole. "Mama, miye nilibadilisha buji. Kapteri sijagusa hata siku moja."

Soko yote ikaangua kicheko.

"Mashini inasema nini?" akauliza.

"Inasema hewa haitoshi, lakini inasema uongo!" Nikamukatia telefone.

Hasira ni kitu mbaya. Nikashika waya ya kapteri, nikaichomoa kabisa, nikabaambia bajomba banne ba Neema baje kusukuma. Bakaja bale bapole ba Mungu, bakakunja mikono ya mashati. Nikageuza ufunguo. Moteri ikalia kama baruti, moshi ikatoka tena, mara tatu ya ile ya kwanza, na ikipungua, bajomba banne balikuwa bamesimama pale, mashati meusi, meno tu njo inaonekana. Hapo njo jina Mama Moshi ilizaliwa, sijui ni kinywa ya nani.

Telefone ikalia. Paluku. "Yaya," njo hivi anaitaka dada yake mukubwa, "fanfare imefika. Muko wapi? Imebakia dakika kumi na mbili. Pasta anaangalia saa." Sauti yake ilikuwa ile ya utoto, ya siku alikuwa anangojea nije kumutafuta ku masomo na miye nachelewa. Machozi ikanijia, nasema kweli, nikageuka batu basione. Nilikuwa nimemuchukulia mudogo wangu siku yake, juu ya kiburi yangu tu.

Mama Furaha ameshatoka, anaita bamotari: "Weye! Njoo ubebe bibi-arusi!" Neema juu ya pikipiki, na ile robe, mu ile vumbi.

Lakini Neema akanyosha kichwa mpaka ku mulango wenye Mama Furaha aliacha wazi, mupole kabisa, akaniita: "Yaya, ile mashini imesema hewa haifike. Hewa inapitiaka wapi?"

Nikafungua kinywa nimujibu kama profesa. "Inapitia mbele, chini, nyuma ya bampa, kuko mudomo ya..." Na kidole yangu ikabakia inaonyesha. Juu ya capot lile ua langu lilikuwa limekaa kama malkia. Lakini mikia yake miwili, ile niliingiza ndani na mikono yangu, sikuiona. Haikuwa mahali popote.

Sikufikiri nguo. Nikalala chini mu vumbi, mugongo ku barabara, nikajisukuma chini ya bampa, kilemba ikabakia nyuma, miguu yangu inje mbele ya batu bote, nikaingiza mukono mu ule mudomo wa hewa, nikashika kitambaa. Moteri ilikuwa imeikata ku ua na kuimeza kama mutu mwenye njaa. Nikavuta. Ikatoka kidogo. Nikavuta tena, na bamama bauza ndizi bakaanza kuhesabu na makofi: "Mita moja! Mita mbili!" Ku mita ya tatu bajomba na masizi yao banaimba. Mukia ya mwisho ikatoka, nyeusi tii, nikainuka nayo mukononi na soko yote ikalia kama timu yetu imefunga goli.

Nikarudisha waya ya kapteri. Nikafuta ile kosa mu skana, na safari hii nilikuwa na haki ya kuifuta. Nikageuza ufunguo. Moteri ikanguruma, safi, bila moshi, tamu kuliko tarumbeta zote za fanfare. "Mama Furaha, ingia!" nikapiga kelele. Akaingia, akafunga mukaba.

Bandugu, nimewahi kuendesha gari, lakini siku ile niliendesha. Bamotari balitutangulia bafungue njia, mashimo nilikuwa nazikata kushoto na kuume, na nyuma Neema anacheka mpaka anashika tumbo. Tukaingia kiwanja ya kanisa pasta akiwa ku mulango na kidole juu ya saa. Saa tano, ilikuwa inakosa dakika moja. Neema akashuka mweupe, hata alama moja ya masizi hakuwa nayo. Na kigelegele ya kwanza, musisahau hii, kigelegele ya kwanza ilitoka ku kinywa ya Mama Furaha, akanishika mukono akauinua juu: "Mukubwa wa Paluku ni huyu!" Paluku akaniangalia, nywele wazi, vumbi mpaka mu masikio, akanikumbatia hivyo-hivyo na kositimu yake mupya.

Nilikuwa napanda ku mawingu. Kisha nikageuka, nikamuona Maître Ngabu. Alikuwa anashuka ku pikipiki mbele ya geti, na nguo ya kazi, sanduku ya vyombo mukononi, anahema. Alisikia kelele ya soko mu telefone, akafunga garage, akaenda kunitafuta ku mupando, akatukosa, akafuata njia yote. Mutu nilimutukana mbele ya soko nzima.

"Ilikuwa nini, Mama?" akauliza.

Nikamuonyesha kitambaa. Akakiangalia, akaangalia lile ua ku capot, akauma mudomo asicheke. Hakuweza. Tukacheka sisi wawili mpaka pasta akatunyamazisha.

Siku ile nilimukalisha ku meza ya familia, na nguo yake ya kazi, na balipofika kunipa mikro nitoe neno ya bakubwa, sikutoa mashauri ya ndoa. Nilisema: "Maître hakuharibu kitu. Mashini ilisema kweli mara tatu, na miye nikaifuta mara mbili na nikaitukana mara moja. Munisamehe, bajomba, mashati nitafua." Na nilifua, mashati ine, na mikono hii, na sabuni ya farmasi.

Skana ningali nayo, na ninajitibia gari yangu kama zamani, hakuna mwenye ataniondoa pale. Lakini nimeapa: taa haifutwi mpaka nijue ililia juu ya nini, na mutu simupigie tena na sauti ya juu nikiwa na hasira. Picha yenye Neema na Paluku balitundika mu salo yao, chumba ya kupokea bageni, si ya kanisa. Ni ya mupando: gari nyekundu, na miguu yangu miwili inatoka chini, kiatu moja haiko. Kila nikienda kula kwao ninaomba baiondoe, na Neema anakataa. "Iache, Yaya," ananiambia. "Ile saa njo nilijua ninaingia familia gani."