Shoto na Besi ya Kahawia

Kule saluni alikosuka nywele, jina lake halisi walilijua wachache. Alikuwa Shoto tangu shuleni, kwa sababu kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto, hata kugonga mlango. Wateja walimpenda kwa kuwa hakuwavuta kichwa. Redio ikiwashwa, wasusi wenzake waliimba na mwimbaji; yeye alifuata besi, na mteja aliyekaa kitini akajikuta anasukwa kwa mapigo.

Gitaa lenyewe la besi alijifunzia la mtu. Mpiga besi wa bendi ya harusi pale mtaani, mchoyo kupindukia, alimwachia aishike wakati wa mapumziko ya mazoezi kwa sharti moja: asithubutu kuhamisha nyuzi. Gitaa lilikuwa la mkono wa kulia. Shoto akaligeuza juu chini, uzi mnene ukawa chini na mwembamba juu, akajifunza hivyo hivyo mpaka vidole vikasahau kwamba kuna namna nyingine.

Siku moja yule mchoyo akafungasha besi yake, akahamia bendi kubwa bila hata kuaga. Harusi ya Jumamosi ikabaki haina mpigaji. Mwenye bendi, mwimbaji ambaye wote walimwita Kiongozi, akamwita Shoto huku amekunja uso.

"Njoo na gitaa lako mwenyewe. Ukiweza, nafasi ni yako. Ukituharibia, urudi kwenye vichana vyako," alisema. "Na jambo jingine. Jukwaani mimi sisogei. Wewe wa kushoto, shingo ya gitaa lako itanielekea mimi; utajua mwenyewe pa kuiweka."

Hakuwa anatia chumvi. Kila ukumbi, stendi ya maikrofoni yake iliwekewa alama ya utepe sakafuni, na mpiga picha aliyewahi kumwomba asogee kidogo aliambulia jicho tu.

Shoto akaenda kununua gitaa pamoja na mjomba wake, mpiga tarumbeta mstaafu aliyemlea. Duka la vyombo vilivyotumika lilikuwa jembamba, linanuka vumbi na vanishi. Mwenye duka aliposikia habari ya mkono wa kushoto, macho yakamng'aa. Akachomoa gitaa jekundu lililong'arishwa mpaka unajiona uso.

"Dada, hili limekaa hapa likikusubiri wewe. La mkono wa kushoto kabisa!"

Mjomba meno yote nje. Shoto akalivaa, likamkaa vizuri kama gauni la kupimwa. Kisha akapiga wimbo anaoujua hata usingizini, ikatoka aibu tupu. Uzi mnene ulikuwa juu, pale alipozoea mwembamba, na vidole vilikwenda segemnege. Akarudia. Ovyo. Mwenye duka akajifanya anapangusa vumbi.

"Kwani nyuzi hazihamishwi?" Shoto akauliza.

"Zinahama, ila mifereji inayozishika hapa kichwani imechongwa kwa unene wa kila uzi. Mwembamba utacheza ndani ya mfereji wa mnene. Itabidi fundi achonge upya, na fundi wangu kasafiri."

"Utalizoea, mama," Mjomba akasema. "Hili ndilo la haki. Au unataka kupanda jukwaani na gitaa juu chini, watu watucheke?"

"Harusi ni Jumamosi, Mjomba. Siwezi kujifunza kuongea upya kabla ya Jumamosi." Akalirudisha lile jekundu. "Na sitaki."

Ukutani lilining'inia jingine la mkono wa kulia, la kahawia, limechubuka kama meza ya shule. Shoto akachungulia shingo yake kwa jicho moja, kama fundi anayekagua ubao. Imenyooka. Akabonyeza kila uzi kuanzia juu hadi mwisho wa shingo, akitega sikio. Sauti ilikwaruza mahali pamoja tu, huko chini kabisa. Akaligeuza juu chini, na sauti ikafifia yenyewe: kitufe cha sauti sasa kilikuwa chini ya mkono wake, na mkono ulikizungusha. Akakibandua kifuniko chake ili mkono usikizungushe tena, akakitia mfukoni.

"Nitobolee pembe hii ya pili, nifunge mkanda huku," akasema.

Mwenye duka akashika kichwa. "Nilitoboe gitaa zima?"

"Toboa, kaka. Ni langu sasa."

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Shoto alipopanda jukwaani, minong'ono ikaanza, na jamaa mmoja hakuweza kujizuia: "Dada, umelishika kichwa chini!" Watu wakaangua kicheko. Mjomba, kule mlangoni, akaanza kuvikagua viatu vyake. Kwa kitambo kidogo Shoto alitamani lile jekundu. Akapiga moyo konde.

Wimbo wa kwanza ulifunguliwa na besi peke yake. Sauti ikatoka nene, safi, ikapita sakafuni mpaka kwenye miguu ya viti. Shangazi zake bibi harusi wakasimama kabla ya wimbo kuimbwa. Kiongozi akageuka kutazama vile vidole, akatazama weee, mpaka akapitwa na zamu yake ya kuingia. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Mpiga dramu akacheka mpaka akakaribia kuangusha fimbo, bendi ikazunguka tena toka mwanzo, na Mjomba akapaza sauti mlangoni, bila kuulizwa na mtu, "Mpwa wangu huyo!"

Shoto alikuwa na furaha ya kupasuka. Akaanza kuyumba na mdundo, na ncha ya shingo ikagonga stendi ya maikrofoni. Akarudi nyuma haraka, akingoja lile jicho.

Kiongozi aliutazama utepe wake sakafuni. Akaukwangua kwa ncha ya kiatu, akabeba stendi yake, akahamia kando.

"Jinafasi," akamwambia, kisha akaimba.