Mabati ya Kiwanja cha Gatumba

Kabla sijayaona, niliyasikia: bati likikwaruza saruji, kisha jingine, sauti nyembamba iliyonifikia hadi kwenye meno. Nilipofumbua macho, ukuta wa chumba changu ulikuwa unang'aa. Baba alikuwa akiyaegemeza hapo mabati yote aliyoyanunua kwa akiba yetu ya miaka.

Huku Bujumbura mwenye akili haweki faranga, anaweka vitu. Faranga inayeyuka, bati hupanda bei likiwa limelala. Baba alinuia kujenga Gatumba. Maji yakakimeza kiwanja, na mabati aliyoyahifadhi kule kwa jamaa yakaletwa kwetu, katika nyumba ya kupanga, Gasenyi. Nikawa naingia kitandani ubavu ubavu, kama kaa.

Mama aliuza vitenge sokoni Jabe. Kila alipouza kimoja, pesa yake haikutosha kununua kingine kama hicho. Rafu zikabaki tupu. Mwenye kibanda akamwambia: ukijaze kufikia Jumamosi, au nampa mwingine.

Ijumaa akaja fundi mmoja wa kuezeka. Akagonga bati kwa kidole, akasikiliza.

"Muzee, yote nabeba leo. Franga iko mu mufuko."

"Franga ya leo, kesho itanunua nusu," baba akasema.

"Ndiyo maana uuze leo!" mama akadakia. "Mi kibanda yangu inaenda kesho. Bati haiivi mu sufuria, baba watoto."

Fundi akacheka. "Mama anasema kweli."

"Nikiuza, nishike nini? Simenti haiko. Mafuta ya gari haiko. Sukari yenyewe ni kupanga mustari."

"Shika vitenge."

"Vitenge si we ulishika? Vikakuachia nini?"

Hata fundi aliangalia chini. Nilitaka kumtetea mama, lakini hesabu ya baba ilikuwa sahihi. Ya mama pia. Nilisimama kati ya kitanda na mabati, pasipo nafasi ya kugeuka, nikaona kwamba hakuna kati yetu mwenye nafasi hiyo.

"Hapana," baba akasema mwishowe, polepole, bila kumtazama mama. "Haiuzwi."

Fundi akaaga.

Mama akafunga kitenge chake cha kutokea, akatoa ufunguo wa kibanda kabatini, akaufuta vizuri kwa pindo, kama kitu cha wageni.

"Bora niurudishe mwenyewe, mwenye kibanda asije kuudai," akaniambia mimi, si baba.

Akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.