Jiwe Jeusi la Balagizi

Kwenye ghala la Cheektowaga, nje kidogo ya jiji la Buffalo huko Marekani, Balagizi ni mzee wa kubeba maboksi tu, na msimamizi wake mpaka leo anamwita kwa jina la mtu aliyeacha kazi zamani. Lakini akirudi mtaani kwake Black Rock, anageuka mganga. Sababu ni jiwe dogo jeusi alilotoka nalo kwao Walungu, Kongo, limefungwa kwenye kitambaa. Aliyeumwa na nyoka huchanjwa kidogo kwa wembe, jiwe likabandikwa juu ya damu, likanata. Likianguka lenyewe, watu husema sumu imekwisha. Sasa Buffalo nyoka wa kumuuma mtu yuko wapi? Hata hivyo Wakongo wa Louisville na Columbus humpigia simu kuuliza jiwe linaendeleaje, utadhani ni mjukuu wake. Naye hupenda sana kuulizwa.

Jumapili moja ya theluji, watu wakitoka ibadani, mbweha alitokea mchana kweupe kwenye mapipa ya taka, akipepesuka, mate yakimtoka. Maman Nzigire, mjane anayeongoza kwaya, alimdhania mbwa wa jirani, akampungia mkono aondoke. Mbweha akamrukia, akamng'ata kwenye kifundo cha mkono, kisha akatokomea upande wa reli.

Hakuna aliyepiga simu hospitali. Walimsukuma Balagizi mbele: "Papa, jiwe!" Naye alijua fika kwamba jiwe lile, kama linafaa, ni la nyoka. Kule Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi, aliwahi kumbandika mtoto aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa. Lilinata, likaanguka vizuri kabisa, na mtoto akafa akiogopa maji. Siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini macho ya kanisa zima yalikuwa kwake, na kilemba cha ukoka nacho kina utamu wake. Akamchanja Nzigire, akabandika. Jiwe lilipoanguka, watu walipiga makofi wakaimba.

Siku chache baadaye, Chimène, binti yake Balagizi, alimsomea baba yake tangazo kwenye simu. Watu wa afya walimwokota mbweha amekufa, wakampima, wakamkuta na kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa akimbilie sindano, kwani ugonjwa ukishajitokeza hakuna dawa. Aibu ilimpanda Balagizi mwili mzima. Akamwomba Chimène ampeleke kwa Nzigire, na binti akamngojea ndani ya gari.

Kwanza mzee alijaribu njia ya woga.

"Maman, uende tu hôpital, donc, wakuangalie kidogo."

"Ya nini?" Nzigire alikuwa anafunga viatu vya kazi, zamu yake ya kiwandani Tonawanda ikimngoja. "Jiwe ilianguka yenyewe. Ulisema sumu imetoka."

"Bon, jiwe haiwezi hii maladie, hii ugonjwa ya mbweha."

Nzigire akacheka. "Papa Balagizi, na humilité yako, kujishusha tu!"

Mficha uchi hazai. Na hapa angeficha, angezika. Akamweleza tangazo la mbweha, akamsimulia na habari za mtoto wa kambini, bila kupamba, macho sakafuni. Kicheko cha Nzigire kikakatika. Akauvuta mkono wake kifuani.

"Ile siku, ukiwa unanikata na wembe, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Maman."

"Sasa juu ya nini uliniwekea?"



"Watu walikuwa wananiangalia," Balagizi akasema.

Nzigire hakulia wala hakumtukana, afadhali angemtukana. Alivaa koti, akampita bila kumpa mkono, akaingia kwenye gari la Chimène. Balagizi alibaki mlangoni, akidhani ameachwa, na moyoni, Mungu amsamehe, akashukuru. Kisha kioo cha gari kikashuka.

"Ingia," Nzigire alisema. "Docteur atauliza nani alinikata hii mkono. Utasema weye mwenyewe, na binti yako atatafsiri."