Ijumaa Kuu mamangu alivamia askari wa Kirumi kanisani, na Yesu nikiwa mimi

Wakuu, shikamoo kwa wazee, niaje kwa rika yangu. Hii si hekaya ya kutunga. Kanisa nzima ilikuwa hapo.

Youth wetu hapa Kyuso walifanya drama ya kusulubiwa. Mimi nikapewa part ya Yesu, nafikiri ni juu ya ndevu.

Mamangu nilimwambia nitaimba tu. Nilitaka kumsurprise.

Kiongozi wa askari alikuwa Kimanzi, jirani yetu, huyo hununua ndengu. Jamaa aliingia character vibaya! Kamba alikuwa anapiga chini, lakini vile nilikuwa nimepakwa sosi ya nyanya mgongoni, ungeapa nachapwa.

Nikaanguka na msalaba. Kimanzi akainua kamba tena.

"Kimanzi! Wewe!"

Wakuu, mamangu ni deaconess na goti lake ni bovu. Sijui alipita aje kwa hizo benchi. Alimpokonya kamba, akamtwanga nayo kwa helmet. Helmet yenyewe ni sufuria.

"Mama Mutua, ni mchezo!" Kimanzi analia akikimbilia kwaya.

"Mchezo gani na mtoto wangu anatoka damu?"

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Hata mimi, nikiwa chini ya msalaba. Nikamwambia, "Mum, onja. Ni tomato."

Akaonja. Lakini hakucheka. Alikaa hapo sakafuni, akashika uso wangu, na waliotoka nje wakaanza kurudi.

Pasta akamuuliza, "Mama, tuendelee?"

Akasema, "Pasta, tangu nikiwa msichana nasema Mungu alimtoa Mwanawe. Nasema tu haraka haraka, kama salamu. Kumbe aliona hivi, na nguvu ya kuwazuia hao askari alikuwa nayo, na akajizuia yeye." Akapangusa macho na leso. "Mimi nawapenda hapa wote. Lakini singeweza kumtoa wangu."

Pasta alikuwa na sermon. Hakuihubiri.

Mamangu akamrudishia Kimanzi kamba. "Endeleeni. Lakini wewe, uchape mbali."

Mimi nimeokoka kitambo, na msalaba nilikuwa nauona kama adhabu Yesu alibeba badala yetu. Ni kweli. Lakini siku hiyo nilijifunza kuna mzazi pia alikuwa anaangalia, na sisi ndio alikuwa anatupenda hivyo.

Wakristo, nyinyi ni lini iliwaingia? Na ndugu Waislamu, najua jambo hili mnaliona tofauti, lakini karibuni pia. Uwanja ni wenu, matusi tu ndio sitaki.