Watoto wa Mwalimu ni wa Nani?

Habari za kifo cha Mwalimu zilinifikia Jumanne asubuhi nikinyoa ndevu, na nikajikata. Wasomaji wangu wa siku nyingi watamkumbuka: ndiye yule mama wa Kalamba niliyewahi kuwasimulia jinsi alivyonirudishia makala yangu ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Alifundisha shule ya msingi mpaka wiki aliyougua, akiwa amebakisha miaka miwili astaafu. Hakuwa rafiki wa karibu. Alikuwa mtu wa kunipigia simu akiwa na swali, nami nikimjibu haraka kuliko ilivyofaa. Nimehuzunika, ila huzuni yenyewe imechanganyika na kitu kingine ambacho mpaka sasa sijui nikiite nini.

Mwalimu alifiwa na mume mapema, hawajajaliwa mtoto. Akafanya kama walivyofanya nyanya zetu Ukambani: akaoa mke. Alipeleka Kikima mbuzi wa ntheo, wale ambao kwetu bila wao hakuna ndoa, akarudi na msichana tunayemwita iweto, yaani mke wa mwanamke mwenzake. Msichana akazaa watoto wawili, na kwa mila wakawa watoto wa Mwalimu, wenye jina la mumewe aliyekufa zamani. Mwanamume aliyehusika hakuulizwa na mtu. Mwalimu ndiye aliyewavisha, akawalisha, akawapeleka shule. Siku moja yule mdogo alivunjika mkono, nikawapeleka zahanati kwa gari langu. Muuguzi alipouliza mama wa mtoto ni nani, wanawake wawili walijibu pamoja, "Ni mimi." Muuguzi akawatazama, akasema, "Basi mmoja ashike mtoto, mwingine aende kwa foleni ya kadi." Hakuna aliyeona ajabu.

Miaka mitatu iliyopita alinipigia simu. Alikuwa amesikia kwamba mwalimu akifa, serikali huwapa watoto wake pensheni kwa muda, na akataka kujua kama wale wawili wangehesabiwa. Je, aende kortini akawaasili? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi niliyezaliwa na baba na mama wenye cheti cha ndoa nilicheka tu. "Mwalimu, si kila mtu anajua hao ni wako?" Akasema, "Sawa. Wewe ndiye husoma magazeti."

Baada ya mazishi nilimsindikiza iweto hadi ofisi ya pensheni. Alikuwa amebeba barua ya chifu na, kwenye bahasha safi, programu ya mazishi yenye picha ya Mwalimu na majina ya watoto chini yake. Karani, kijana mpole wa huku huku, aliisoma yote, hata nyimbo, kisha akamrudishia.

"Mama, hii si stakabadhi. Marehemu ni nani kwa hawa watoto?"

"Ni wake. Yeye ndiye alinioa."

"Najua iweto. Hata nyanya yangu alikuwa naye. Lakini cheti cha kuzaliwa kinasema mama ni wewe, na baba ni mtu alikufa miaka sita kabla mtoto azaliwe. Nitaandika nini kwa kompyuta?"

Kisha akamshauri kwa nia njema kabisa. Sheria inamtaka kila mzazi kulea mtoto wake, awe ameoa au hajaoa. Amtaje yule mwanamume, wamtafute, korti imwamuru atoe matunzo. Iweto aliinamisha kichwa. Mwanamume huyo yuko, ana duka Emali, na si maskini. Yule mkubwa wa watoto, msichana, anangoja kuingia sekondari ya juu, na hakuna mtu mwingine wa kumlipia. Lakini akimtaja, watoto wanakuwa wa Emali, na ile nyumba ya Kalamba inabaki ya mwanamke asiye na kizazi, jambo ambalo mbuzi wale walipelekwa kulizuia.

Nimewauliza mawakili wawili. Mmoja ananiambia korti zimewahi kuitambua ndoa ya aina hii kwenye mambo ya urithi, kwa hiyo tusikate tamaa. Mwingine anasema urithi ni kitu kimoja na pensheni ni kingine, tena tujiandae kungoja. Nimesoma vifungu walivyonionyesha mara nne na kila mara natoka nikiwa nimepotea zaidi. Sheria inataka mtoto asiachwe bila mlezi, na mila yetu inataka hivyo hivyo. Sasa imekuwaje zikikutana dirishani kwa karani, mtoto ndiye anayekosa? Siwezi kumlaumu kijana yule, na mila siwezi kuitukana. Ninayeweza kumlaumu ni mimi, na nimeona aibu kuwaambia hivyo ila nimewaambia.

Kabla hatujaondoka, karani alimpa fomu akamwonyesha mahali pa kuandika jina la anayewajibika kuwalea watoto. Nilidhani ataandika la yule wa Emali. Aliandika polepole, herufi moja moja, jina la Mwalimu.

"Huyo ameaga, mama," karani akasema.

"Najua. Umeniuliza nani anawalea."

Karani aliichukua fomu, akaiweka juu ya zingine bila kugonga muhuri, akasema atamuuliza mkubwa wake. Mpaka leo tunangoja. Nilichojifunza ni kwamba lile ambalo kila mtu analijua ndilo la kuandikwa kwanza, kabla wanaolijua hawajaanza kufa. Ningemwambia Mwalimu hivyo siku ile, angenisahihisha Kiswahili, kisha angeenda kortini kesho yake asubuhi.